Je, mzazi ana haki ya kuambiwa yale mtoto aliyomweleza mwalimu wa ushauri nasaha?

Mama wa Gredi ya 8, Nakuru

Ndugu wasomaji, naomba maoni ya wenye uzoefu. Binti yangu ana umri wa miaka 13 na anasoma Gredi ya 8 katika shule ya umma ambayo Sekondari Msingi yake (Gredi ya 7 hadi ya 9), kama zilivyo nyingi nchini Kenya tangu Januari 2023, imo ndani ya ua wa shule ya msingi. Muhula uliopita mwalimu wa ushauri nasaha alinipigia simu, nikaenda shuleni moyo ukinidunda. Aliniambia kwamba binti yangu amekwenda kumwona mara tatu kwa hiari yake, kwamba hayuko hatarini, na kwamba ingemfaa kama ningepunguza kumlinganisha na kaka yake. Nilipomwuliza ni maneno gani hasa mtoto aliyoyasema, alikataa kwa upole, akaeleza kwamba maneno hayo ni ya mtoto mwenyewe na kwamba siku akitaka atanieleza.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimekasirika na, sitaficha, nikiwa na aibu pia. Mtoto ni wangu, nami ndiye ninayeamka naye usiku akiumwa. Kinachonitatiza zaidi ni kwamba mwalimu huyo ndiye anayemfundisha Hisabati na vilevile ni mwanakamati wa nidhamu, hivyo sielewi ni siri gani inayoweza kukaa kwa mtu mwenye kazi tatu zinazopingana. Je, nimshinikize aseme, au nimwachie?

Mwalimu wa ushauri nasaha, Kakamega

Mama, pole kwa mshtuko huo, maana sijaona mzazi anayeitwa shuleni akafika akiwa ametulia. Hata hivyo, naamini mwalimu huyo alitenda inavyopasa.

Watoto wa Gredi ya 7 hadi ya 9 hawaji wakasema linalowasumbua. Huja na swali la "rafiki yangu mmoja", au huja kuomba kalamu wakakaa pale mlangoni wakitazama sakafu, na mara nyingi ni siku ya pili au ya tatu ndipo neno lenyewe hutoka. Mtoto huyo akisikia mezani wakati wa chakula cha jioni maneno aliyoyasema chumbani mwangu adhuhuri, hatarudi tena, na wenzake nao watakuwa wamepata habari kabla kengele ya asubuhi haijalia. Chumba hicho kitabaki na mabango ukutani na mwalimu asiyetembelewa na mtu.

Lakini siri hiyo ina mipaka, nami humweleza kila mtoto mipaka hiyo kabla hajaanza kusema: kama anadhuriwa, kama anataka kujidhuru, au kama anataka kumdhuru mwingine, sitanyamaza. Kuhusu unyanyasaji wa kingono hata hiari sina, kwa kuwa waraka wa Tume ya Huduma za Walimu wa mwaka 2010 unamtaka mwalimu mwenye habari hizo aziripoti katika muda wa saa 24. Kwa hiyo mwalimu alipokwambia kwamba binti yako hayuko hatarini, hakuwa anakufariji tu, bali alikuwa anakueleza kwamba jambo lenyewe halijafikia mipaka hiyo. Tena alikupa lile moja unaloweza kulitendea kazi, nalo ni la kaka yake. Sina shaka kwamba alimwomba mtoto ruhusa kabla ya kulitaja.

Naibu mwalimu mkuu mstaafu, Machakos

Nakubaliana na mwalimu wa Kakamega kuhusu siri, ila naona amelipita haraka swali la pili la mama, lile la mwalimu mwenye kazi tatu zinazopingana, ambalo kwangu ndilo zito.

Ushauri nasaha si jambo geni kwetu, kwani Wizara ya Elimu ilianzisha kitengo chake mwaka 1971. Tatizo lilizidi baada ya viboko kupigwa marufuku mwaka 2001, tulipokiweka kiti cha ushauri mahali pale pale kiboko kilipokuwa. Mimi mwenyewe nimeandika katika daftari la makosa "afyeke nyasi, kisha apelekwe ushauri nasaha", kana kwamba yote mawili ni adhabu za aina moja. Mtoto aliyefika kule akiwa mkosaji alinyamaza au alisema alichodhani tunataka kusikia, nasi tukaandika kwamba amebadilika.

Kwa hiyo, mama, usidai siri. Dai kwamba mwalimu huyo aondolewe katika kamati ya nidhamu, na ulitoe ombi hilo kwa mwalimu mkuu kwa maandishi, huku ukieleza wazi kwamba humlalamikii mwalimu mwenyewe. Najua walimu wa Sekondari Msingi ni wachache na kila mmoja amebebeshwa mengi. Juu ya hayo, wanafunzi wa Gredi ya 9 sasa wanahitaji mtu wa kuwasaidia kuchagua kati ya mikondo mitatu ya masomo ya Sekondari Pevu (Gredi ya 10 hadi ya 12), na kazi hiyo huangukia mwalimu huyo huyo. Lakini kumtoa mtu katika kamati hakugharimu shilingi hata moja.

Jambo jingine ni kwamba mwalimu wa ushauri nasaha kwa kawaida si mtaalamu aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014. Likimzidi anapaswa kumpeleka mtoto kwa mtaalamu, na hapo ndipo mzazi huwa hana budi kuhusishwa.

Baba wa Gredi ya 9, Kisumu

Mimi nilimshinikiza mwanangu hadi akasema. Alichoniambia kilikuwa kidogo sana, jambo la kuchekwa kwa sababu ya sauti yake kubadilika, na tangu siku hiyo hajakanyaga tena chumba cha ushauri wala hanielezi lolote. Mtoto akikosa pa kusemea nyumbani na shuleni, ipo simu ya watoto ya bila malipo, 116, lakini ningependa zaidi kama angebaki na mwalimu wake.

Mama wa Gredi ya 8, Nakuru

Nawashukuru nyote. Barua kwa mwalimu mkuu nimeiandika jana, nayo inahusu suala la kamati peke yake.

Kuhusu lile la kaka yake, nilikuwa nadhani ni jambo la mara moja moja. Juzi nilipokuwa nikiisoma ripoti yake ya muhula nilijikuta nimeanza kusema, "Kaka yako alipokuwa Gredi ya 8...", nikanyamaza katikati. Alinitazama kwa muda, kisha akaniuliza kama anaweza kwenda kulala. Nilimwambia aende.