Naomba ushauri: vitu vimetuzidi ndani, sijui nianzie wapi

Habari zenu wapendwa. Tuko watu 6 kwenye vyumba 3, na vitu vimetushinda. Jumamosi nilishinda kwenye kabati la watoto, nikatoa mifuko 4 ya nguo zinazowabana. Mpaka leo mifuko iko nyuma ya mlango, na kitinda mimba wangu ameshaanza kuchomoa mojamoja anazivaa tena! Baba yao ndiyo kabisa, hatupi kitu: chaja zilizokufa, maboksi ya simu, eti "itafaa siku moja". Droo ya jikoni haifungi, imejaa mifuniko ambayo mabakuli yake sijui yalikwenda wapi. Mlioweza, mlianza na chumba kipi? Na vitu vya mwenzako unavitoaje bila ugomvi?