Nimelipa 95,000 kulala kisiwani Mbudya, alfajiri bahari ikaingia hemani

Wakuu, nimekaa na hili siku kumi nikidhani hasira zitapoa. Hazijapoa.

Kuna jamaa hapa Dar anaandaa safari za wikiendi. Simtaji jina. Tangazo lake lilikuwa la kupiga kambi Mbudya usiku mmoja: boti kwenda na kurudi, hema, godoro, samaki wa kuchoma, maji ya kunywa, na kwa herufi kubwa, USIKU WA MBALAMWEZI. Shilingi 95,000 kwa kichwa. Nikatuma yangu na ya mama watoto. Tulikuwa watu 14.

Kwa ambao hamjafika: Mbudya iko mbele ya Kunduchi, ukisimama ufukweni unaiona. Isiwadanganye. Ni jiwe la matumbawe lenye vichaka na mibuyu, ni hifadhi ya bahari tangu 1975, na maji ya kunywa yanakuja kwa boti. Wewe mwenyewe unaingia kwa boti na unatoka kwa boti. Aliyekupeleka akikosea hesabu, hakuna bodaboda wa kumpigia.

Sasa hiyo mbalamwezi ndiyo iliyotumaliza. Mwezi mpevu maana yake bamvua, yaani siku ambazo bahari hujaa na kupwa kuliko kawaida. Siku za bamvua pwani yetu maji hujaa kwenye saa kumi hivi, ya jioni na ya alfajiri, na hupwa kwenye saa nne, ya asubuhi na ya usiku. Kila siku yanasogea mbele kama dakika 50. Kati ya kupwa na kujaa kina hupishana zaidi ya mita tatu, yaani nyumba ya kawaida inafunikwa mpaka dari. Mtoto wa mvuvi Kunduchi anajua haya kabla hajaanza darasa la kwanza. Mtu anayeuza kambi ya ufukweni hayajui!

Tulifika saa kumi na mbili jioni, maji yanatoka, mchanga umetandazwa kama mkeka. Jamaa akaanza kusimamisha mahema chini ya ule ukanda mweusi wa nyasi za bahari, pale maji yanapoacha uchafu wake yakifika mwisho. Anataka picha: mlango wa hema, mawimbi, mwezi. Nahodha, mzee mpole tu, akamwambia, "Mwanangu, hapo si pa kulala. Pandisheni kule juu kwenye vibanda." Jamaa akacheka. "Mzee wangu, bahari yenyewe si ile kule?" Kweli ilikuwa kule. Mzee hakubishana, akawasha mashine akarudi zake Kunduchi. Mimi nilisikia yote na nikanyamaza, maana mama watoto alishaanza kupiga picha. Hilo najilaumu.

Chakula nakipita, samaki aina ya changu wawili kwa watu wanne, tulikula tukanyamaza. Laifu jaketi sizipiti: zilikuwa tisa. Watu 14, mmoja wao mtoto wa miaka sita. Nilipouliza nikaambiwa "pale karibu tu".

Kwenye saa kumi alfajiri nikahisi mgongo umelowa. Nikadhani chupa imemwagika. Kuwasha tochi, ndala zinaelea ndani ya hema. Nje kelele tupu, mwenye godoro kichwani, mwenye begi, mtoto analia, na wimbi la pili likabeba hema la jirani zetu likiwa na viatu na chakula cha asubuhi. Simu yangu ikanywa maji ya chumvi, mpaka leo haijawaka. Dumu moja kati ya mawili ya maji ya kunywa likapinduka. Mwandaaji? Yeye alikuwa amelala kwenye kibanda cha makuti. Juu. Nimeshindwa kabisa kulisamehe hilo.

Mnadhani tuliondoka asubuhi? Boti alikuwa ameipanga saa nne. Saa nne ya bamvua! Maji yamepwa, boti imekalia tope kule Kunduchi, haisukumiki. Tukakaa juani na nguo mbichi mpaka saa nane mchana. Maji ya chupa tulinunua kwa wauzaji walipofika, kwa hela zetu. Mzee alipotufikia hata hakusema "niliwaambia". Aliwashika kina mama mikono wapande, basi.

Nimedai nirudishiwe nusu tu. Jibu lake la sauti: "Kaka, bahari ni kazi ya Mungu, mimi nifanyeje?" Bahari ni kazi ya Mungu, sawa. Mambo ya hema ni kazi ya Mungu pia? Majedwali ya maji kupwa na kujaa yapo, ukikosa hata jedwali una nahodha uliyemlipa mwenyewe, muulize swali moja.

Baada ya hapo kanizuia nisimpigie.

Jana shemeji yangu kanitumia tangazo jipya la jamaa huyohuyo. Mbudya tena, Jumamosi hii, bei imepanda hadi 110,000, na picha aliyoweka ni hema letu jioni ile, kabla halijalowa. Safari hii anaandika "usiku wa nyota". Maana yake mwezi haupo. Na mwezi ukiandama, wakuu, ni bamvua vilevile.

Mwenye ndugu aliyelipa amwambie asichomeke hema chini ya zile nyasi.