Nitajuaje nani anashiriki kweli katika jumuiya yetu ya ujifunzaji?

Mratibu wa Jumuiya:
Walimu wenzangu, poleni na majukumu. Tangu mwaka jana ninaratibu jumuiya ya ujifunzaji, yaani kikundi cha walimu wanaokutana kujifunza pamoja kuhusu ufundishaji wao, katika shule yetu ya msingi, chini ya mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini (MEWAKA), na kila baada ya kikao hujaza fomu ya taarifa inayodai idadi ya waliohudhuria. Tupo walimu 21, na saini hazipungui 18. Hata hivyo, wanaozungumza ni wale wale wanne, nami nikiwamo. Waliobaki husikiliza, na wengine husahihisha madaftari yao huku kikao kikiendelea. Mwezi uliopita nilianza kuhesabu nani amechangia mara ngapi, lakini nikagundua kwamba mwalimu asiye na hata alama moja katika hesabu yangu ndiye aliyetengeneza kadi za namba zinazotumika sasa katika madarasa matatu. Je, ushiriki nipime kwa kigezo gani?

Mkongwe wa Chaki:
Ndugu Mratibu, hesabu yako imepima mazungumzo tu, na kuzungumza ni sehemu ndogo ya kazi ya jumuiya yoyote ya wanataaluma. Jean Lave, mwanaanthropolojia wa Marekani, aliwachunguza mafundi cherehani wa Liberia, na mwaka 1991 yeye na Etienne Wenger walitumia mfano huo kueleza jinsi mtu anavyoingia katika taaluma kuanzia pembezoni. Mwanagenzi hakuanza kwa kukata kitambaa, ingawa nguo yenyewe huanzia hapo. Alianza na umaliziaji, yaani vifungo na mapindo, kisha akashona, na kukata kukaja mwisho. Sababu yake inaeleweka: kifungo kilichokaa vibaya hufumuliwa kikashonwa upya, ilhali kitambaa kilichokatwa vibaya ni hasara. Kwa hiyo yule anayeandaa kadi, anayenakili andalio la mwenzake na kulijaribu darasani, au anayepanga tu viti na kusikiliza, huenda tayari yumo ndani ya kazi. Jiulize kama kazi anazopewa zinapanuka kadiri muda unavyokwenda. Kama baada ya miaka miwili bado anapanga viti, hapo kuna tatizo, nalo si la kwake peke yake.

Mwalimu wa Kata ya Jirani:
Naheshimu maelezo ya Mkongwe, ila mfano wa fundi unawafaa walimu wapya. Katika shule yetu mkimya kuliko wote alikuwa mwalimu aliyekaribia kustaafu, ambaye hakuwa pembezoni hata kidogo. Hakuna aliyemuuliza, basi. Sisi tulimpa kila mwalimu kipande cha karatasi, tukamwomba aandike wenzake wawili aliowaendea kwa msaada wa kufundisha wiki ile na jambo alilouliza. Jina la mzee huyo lilijitokeza mara saba, na karibu yote yalihusu kufundisha kusoma Darasa la Kwanza. Nakuonya jambo moja: usibandike matokeo ukutani, kwa sababu yule ambaye hakutajwa na mtu yeyote ataisoma karatasi hiyo kama hukumu.

Mwalimu wa Darasa la Tatu:
Nami ni miongoni mwa hao wakimya, kwa hiyo naomba niseme kwa niaba yangu. Kikao chetu huanza saa nane na nusu mchana, nikiwa nimeshakaa na watoto zaidi ya 90 tangu asubuhi, na mwalimu mkuu huketi mbele akiwa na kalamu mkononi. Nikisema kwamba somo limenishinda, sijui kama nitapata msaada au nitakuwa nimejiandikia tathmini yangu mwenyewe. Siku niliyozungumza, tulikuwa watano tu, na madaftari ya watoto yakiwa mezani. Katika kutoa kwa kuchukua, mtoto alikuwa ameandika kwamba 52 kutoa 37 ni 25. Nilidhani amekosea kwa uzembe, hadi mwenzangu alipofungua madaftari mengine na kuonyesha kosa lile lile: wanatoa namba ndogo katika kubwa kila safu, 7 kutoa 2, kisha 5 kutoa 3, bila kujali ipi iko juu. Tulibishana kwa dakika arobaini kama turudi kwenye mafungu ya vijiti au tuendelee na makumi na mamoja ubaoni. Hakuna aliyehitaji kunihimiza nichangie.

Mratibu wa Jumuiya:
Nawashukuru sana. Karatasi za majina mawili nitazigawa Jumatatu, na nitazisoma peke yangu. Kikao cha Alhamisi tutagawanyika katika makundi ya walimu watano watano, kila kundi na madaftari yake, na mwalimu mkuu amekubali kuketi na kundi la Darasa la Kwanza kama mjumbe, bila kalamu. Fomu ya saini nitaendelea kuijaza kwa kuwa inadaiwa.