Naomba ushauri: kujaza upya risasi za bastola nyumbani

Ndugu wanachama, salamu kwenu. Ninaishi Texas, Marekani, ambako sheria ya shirikisho haimdai leseni mtu anayejaza upya risasi kwa matumizi yake mwenyewe, ilimradi asizifanyie biashara. Hulenga shabaha kwa bastola ya .38 Special, maganda matupu nimeyahifadhi, na sasa nataka kununua vifaa.

Naelekea kuchagua mashine ya hatua moja moja (inayofanya kazi moja tu kila unapovuta mkono wake), kwa kuwa kinachonitia hofu zaidi ni kumimina baruti mara mbili katika ganda moja: ganda la .38 ni refu, na baruti inayoungua haraka hukaa chini kabisa, hivyo kipimo maradufu huingia bila kumwagika na kinaweza kuipasua bastola mkononi. Je, mnayakaguaje maganda yakiwa yamepangwa kwenye kibao chenye matundu, kabla ya kukandamiza vichwa vya risasi? Kuyamulika kwa tochi kunatosha, au kila moja lipimwe kwenye mizani?

Tena nina watoto wadogo, na vumbi la fataki (vile vidonge vya kitako cha ganda vinavyowasha baruti) zilizokwisha kulipuka lina madini ya risasi (lead), ambayo ni sumu. Mnasafishia wapi maganda, na fataki mpya mnazihifadhi vipi? Natanguliza shukrani.