Kichwa cha shoka kinacheza kwenye mpini

Wakuu, kichwa cha shoka kinacheza. Nikililoweka usiku linakaza, siku chache tu linalegea tena. Dawa ni nini?

— Achana na maji. Mti ukivimba ndani ya tundu la chuma, nyuzi zake hupondeka. Ukikauka unasinyaa kuliko mwanzo. Ng'oa kabari ya zamani, kile kipande cha mti kilichopigiliwa kwenye ncha ya mpini ndani ya tundu. Ning'iniza shoka kichwa kikiwa chini, gonga kitako cha mpini kwa nyundo ya mbao: kichwa kitapanda chenyewe kikaze. Kisha pigilia kabari mpya ya mti mgumu, mkavu kabisa.

— Naongezea: acha mpini utokeze milimita 3 hivi juu ya chuma. Ukiona ufa, weka mpini mpya. Kichwa kikichomoka hewani kinaua mtu.

— Asanteni. Kabari nipake gundi?

— Ya mbao, kidogo tu.