Jumba la sinema la zamani: lina majini, lina historia, au ni kiwanja tu?

Mwana wa Reli
Wadau, salaam. Hapa mjini kwetu, kwenye reli ya kati ukishapita Dodoma, kuna lile jumba la sinema lililofungwa miaka mingi. Sasa inasemwa libomolewe zijengwe fremu za maduka. Wapo wanaotaka libaki kwa kuwa ni historia. Wapo pia wanaodai halibomoleki kwa sababu lina wenyewe: usiku kuna mtu anatembea darini, na dirisha la chumba cha mashine huwaka taa wakati umeme ulikatwa zamani. Eti ni yule Mhindi mwenye jumba, amerudi kudai chake. Msimamo wangu: libomolewe, na majini yasiwe hoja kwenye mkutano wa mtaa. Karibuni.

Mzee wa Balkoni
Mwanangu, hapo kwa Mhindi umepita mbio. Mwaka 1971 ilitungwa sheria ya kutwaa majumba. Nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 zikachukuliwa na Serikali, zikawekwa chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 kazi hiyo ikaingia Shirika la Nyumba la Taifa. Wenye nyumba wengi walikuwa Waasia, na wengi wao walihama, wengine Uingereza, wengine Kanada. Huyo mzimu wenu huenda wajukuu zake wako Leicester na hawajui hata mji wetu uko wapi. Tunaona raha kumwita jini kuliko kusema alikuwa jirani yetu, akapoteza nyumba, na sisi tukakaa kimya.

Na jumba lenyewe mnalijua? Mbele kabisa mabenchi ya bei ya chini, huko ndiko kelele. Juu balkoni, familia na wenye nazo. Picha ya Kihindi ilikuwa ndefu, lazima intavali, watu watoke wakanunue karanga. Kihindi hatukijui, lakini mahali pa kulia tulilia wote. Mkanda ukikatika, ukumbi mzima unapiga miluzi mpaka fundi auunge. Tangu 1968 tulikuwa na Kampuni ya Filamu Tanzania, na kupata picha mpya mji mdogo kama huu ilikuwa kungoja zamu. Ikaja deki ya video miaka ya themanini. Mwaka 1994 televisheni ikaanza Bara. Nani tena atoke usiku kukata tiketi? Mlango ule ulifungwa na deki, msimsingizie jini.

Fundi Bati
Mimi nimepanda dari ile. Huku kwetu jua la mchana ni kali na usiku wa Juni ni baridi ya kuvaa koti. Bati hupanuka mchana, usiku hujikunyata, linalia ta! ta! ta! kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Ukiwa chini unaapa ni mtu mwenye viatu. Ongeza popo, ongeza bundi. Taa ya dirishani ni lori likikata kona, taa zake zinapiga kioo.
Halafu kile chumba chenye vijidirisha vya chuma, mnachokiita jela ya majini, kilijengwa hivyo kwa kuogopa moto. Mikanda ya zamani ya filamu ilikuwa ya naitreti, kemikali inayoshika moto kama petroli, na mashine zilitumia vijiti vya kaboni vinavyowaka kwa mwanga mkali.

Binti wa Kongwa
Sawa fundi, lakini mbona wenzetu hadithi hizo wanazitunza? London kuna ukumbi wa Drury Lane, jengo la 1812. Watu husimulia mzimu waitao Mtu wa Kijivu, anayeonekana viti vya juu mchana, na waigizaji wanamchukulia kama bahati njema. Marekani kumbi nyingi huacha taa moja jukwaani usiku kucha. Wengine husema ni ya mizimu, ingawa inazuia mtu asitumbukie kwenye shimo la wanamuziki. Treni ya SGR imeshafika Dodoma, wageni wapo. Libaki, lipakwe rangi, wazee walipwe kusimulia.

Nesi wa Zamu
Dada, London hawamuui mtu kwa hadithi. Hapa Singida miaka ya arobaini watu waliuawa, ikadaiwa wameuawa na simba-watu, yaani watu waliogeuzwa simba, na hofu ile ndiyo iliyowaficha wauaji. Leo unasimulia jini la sinema, kesho kijana anaanguka kifafa pale jirani, keshokutwa kidole kinamwelekea bibi mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni. Mimi naliunga mkono jumba, siungi mkono jini.

Dalali Mstaafu
Nami niulize: tangu lini hadithi zimezidi? Zamani watoto wetu walicheza pale mpaka magharibi. Barabara ilipowekwa lami ndipo majini yakaamka. Jini gani hili linajua bei ya kiwanja? Kiwanja chenye sifa mbaya hununuliwa rahisi, hiyo nimeiona kwenye kazi yangu.
Wanaosema sheria italinda, wasome vizuri. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya 1863. Jengo la baada ya hapo mpaka waziri alitangaze. Kama mnalitaka, andikeni maombi kabla ya tingatinga.

Mwana wa Reli
Dalali umenigusa. Bado naona fremu zina faida kuliko kuta zenye popo, ila kwenye mkutano nitauliza kwanza hati iko kwa nani.

Mzee wa Balkoni
Uliza, na ukipewa jibu lilete hapa. Mabenchi ya mbele waliuza lini, na nani alipokea hela?