Chama mmemnunia mpaka leo, Sopu na Mwamnyeto mbona hamjawanunia?

Mgosi wa Donge:
Wakuu habari za jioni, leo naleta hoja na najua ntatukanwa ila poa. Pale Deep Sea hapa Tanga kwenye samaki kuna jamaa mkata samaki ana jezi nyekundu ya Simba, namba 17 mgongoni ipo vilevile lakini jina la juu yake kalifunika na ile plasta nyeusi ya mafundi umeme, na plasta yenyewe ishaanza kubanduka kwa maji ya chumvi, ukisogea unaona CH inachungulia. Nikamwambia shekhe huyo si keshaondoka siku nyingi, akanijibu jezi yangu nimenunua kwa hela yangu, jina ndo la msaliti. Sasa huyo Clatous Chama, kiungo Mzambia, alitambulishwa Yanga Julai 2024, mkataba wake Msimbazi, yani Simba, ulikua umeisha, hakutoroka wala hakuvunja kitu, na 2025 akatoka hukohuko Jangwani, yani Yanga, akaenda Singida Black Stars. Plasta bado ipo.

Mimi sina shida na plasta. Shida yangu ni kwamba huyu jamaa ni mtoto wa hapahapa, ukimuuliza timu yake atakwambia Coastal Union ya Tanga damu damu, Wagosi wa Kaya. Haya. Dirisha la usajili la 2020, dirisha moja tu, tulinyofolewa watu watatu: Bakari Mwamnyeto nahodha kaenda Yanga, Ibrahim Ame kaenda Simba, Ayoub Lyanga kaenda Azam, yani wakubwa watatu wa Dar wamegawana uti wa mgongo wetu kama nyama ya hitma. Msimu uliofuata tukaishia kucheza mchujo na Pamba ili tubaki ligi kuu. Kuna mtu alimnunia nani? Hakuna. Watu walikua wanasambaza picha, kijana wetu kafika mbali, mashallah.

Ikaja 2022, fainali ya kombe la shirikisho pale Arusha, mshambuliaji wetu Sopu anampiga Yanga goli tatu peke yake, mechi inaisha 3-3 tunakufa kwa matuta. Nilikua kibanda umiza Makorora siku ile, goli la tatu linaingia kuna watu wa jezi za kijani za Yanga mle ndani wamekaa kimya, watoto wa Tanga wazawa kabisa, wamekasirika kwamba Coastal inaongoza! Haikupita mwezi Sopu yupo Azam. Septemba hiyohiyo mpaka mwalimu, Juma Mgunda, kachukuliwa na Simba. Tukasema heri.

Kwahiyo hoja yangu ni hii. Shabiki wa Tanga hana haki ya kumnunia Chama, wala Fei, wala Morrison, kabla hajawa na uchungu na Coastal yake. Na kama huo uchungu hana basi aseme ukweli kwamba Coastal kwake ni timu ya jirani tu. Karibuni, mnitukane kwa hoja.

Mnyama wa Mikanjuni:
Mgosi unachanganya mambo mawili. Kwenda kwa mkubwa sio sawa na kwenda kwa mtani, kama Simba na Yanga. Mwamnyeto angekua kaenda African Sports, mtani wa Coastal hapahapa Tanga, hapo tungeongea lugha nyingine, ila kaenda Yanga, mshahara mkubwa, kacheza kimataifa, Taifa Stars, sasa nimnunie kwa lipi. Chama ni tofauti kabisa. Amekuja Simba 2018, akaenda Morocco akarudi, tumemlea, tumemwita Mwamba wa Lusaka, halafu unaamka asubuhi jirani yako wa mlango wa pili kakubandikia picha yake na jezi ya kijani. Huyo jirani ndo unaonana nae dukani, msikitini, kwenye daladala ya Sahare, kila siku ana neno. Kinyongo hakipo kwa Chama kama Chama, kipo kwenye mdomo wa jirani. Angeenda Misri ningemsomea dua.

Na usidhani ni ushamba wetu wabongo. Figo alitoka Barcelona akaenda Real Madrid 2000, aliporudi Camp Nou 2002 walimrushia kichwa cha nguruwe uwanjani. Sisi tumebandika plasta tu, tuna ustaarabu.

Kahawa Chungu:
Angeenda African Sports angezomewa na nani sasa, na popo wa uwanja wa Mkwakwani?

Kimanumanu Original:
Kahawa Chungu heshima. Hii African Sports, Kimanumanu wetu, imekula chumvi nyingi hapa mjini kuliko ukoo wako. Endeleeni na mjadala nisiwaharibie.

Bi Chumbageni:
Kaka zangu mimi nasoma tu hapa nacheka lakini kuna kitu hamkisemi. Mpira wa mtu unaisha akiwa na miaka 33, 34, akibahatika sana. Nina mdogo wangu alikua anacheza, goti likaenda, timu siitaji jina, mwezi wa kwanza walikuja kumuona na maji ya kunywa na machungwa, mwezi wa pili simu hazipokelewi, mshahara umeota mbawa. Hakuna shabiki hata mmoja aliyeinunia ile timu. Hakuna aliyesema timu imemsaliti mchezaji. Sasa usaliti huu unakua wa upande mmoja kivipi? Timu ikikuacha wanasema ameachwa, wewe ukiiacha timu umesaliti.

Angalieni ya Fei Toto, yule kiungo wa Yanga. Desemba 2022 kaweka milioni 112 kwenye akaunti ya Yanga, ile ya usajili na mishahara ya miezi mitatu, anataka kutoka, Yanga wakazirudisha, TFF, shirikisho la soka la nchi, ikasema huyu bado mchezaji wa Yanga. Tukakaa nusu mwaka taifa zima tunajadili chakula cha mtoto wa watu, mama mzazi kaongea mpaka kalia, mpaka Rais Samia siku amewaalika Yanga Ikulu Juni 2023 ikabidi awaambie hilo suala limalizeni. Likamalizwa, akaenda Azam, msimu wake wa kwanza pale akafunga 19, na Machi 2024 akawafunga Yanga wenyewe Azam ikashinda 2-1. Waliokua wanamtukana kwamba kaenda kupotea sijawasikia tena. Mimi Yanga damu nawaambieni, siku ile goli lile niliumia lakini moyoni nilisema anastahili.

Mwana Jangwani wa Usagara:
Dada Bi Chumbageni, kwa Fei tuliumia kwa sababu ya njia aliyotumia, sio kwamba kaondoka. Mkataba unao, unaweka hela benki unaaga, kesho kila mtu afanye hivyo kutakua na timu? Lakini nakubali kitu kimoja, hiki kinyongo chetu kina msimu wake. Okwi, yule mshambuliaji Mganda, Simba walimuuza Étoile du Sahel ya Tunisia 2013 dola laki 3, hela hazionekani, Desemba hiyohiyo yupo Yanga, Simba walitaka kufa. Mwaka mmoja haujaisha karudi Simba, kabebwa juu. Niyonzima katoka kwetu 2017 kaenda kwao, tukasema hatumtaki hata kumuona, akarudi tukampokea. Morrison ndo usiseme, kaja kwetu Januari 2020, Agosti yupo Simba, tumekimbizana nae mpaka CAS, mahakama ya michezo kule Uswisi, na huko tukashindwa, halafu 2022 tukamsajili tena sisi wenyewe! Wazee wazima waliokua wanamwita mhuni ndo walienda kumpokea. Mimi nilikuepo.

Kwahiyo yule jamaa wa Deep Sea aiache hiyo plasta isibanduke kabisa, asitumie gundi kali, huwezi jua.

Wakili wa Kijiweni:
Ngoja niweke sheria kidogo maana naona neno "kuibiwa" linatumika ovyo. Kanuni za FIFA za uhamisho zinasema mchezaji mwenye mkataba anaruhusiwa kusaini na timu nyingine akiwa amebakiza miezi 6 au chini ya hapo, na timu inayomtaka inatakiwa iandikie timu yake kabla ya kuanza mazungumzo. Mkataba ukiisha kabisa mtu ni huru, haya tunayo toka kesi ya mchezaji Bosman kule Ulaya 1995. Kwa hesabu hiyo Chama hajaibiwa. Wizi ni pale viongozi wanapomfuata mchezaji hotelini usiku ana mkataba wa miaka miwili mbele, wanamjaza maneno, akirudi mazoezini anaumwa mgongo kila siku mpaka timu ichoke imuachie kwa bei ya hasara. Hapo ndo kinyongo kina mashiko, lakini kiende kwa kiongozi aliyefuata, maana mchezaji wa miaka 21 ukimwekea hela mezani ambayo baba yake hajawahi kuishika unategemea aseme nini?

Na jingine kwa watu wa Tanga. Ile asilimia 5 ya mshikamano inayogawiwa timu zilizomlea mchezaji kuanzia miaka 12 mpaka 23, hiyo inakuja akiuzwa nje ya nchi. Akitoka Tanga kwenda Dar mnachopata ni kile mlichokubaliana mezani basi. Ukiweka kipengele kwamba tukikuuzia huyu na wewe ukija kumuuza tupewe kiasi fulani, unapata. Usipoweka ndo umeaga.

Shekhe wa Barabara ya Nane:
Assalaam alaykum vijana. Mimi nimeiona Coastal ikichukua ubingwa 1988 kwa hiyo mnisikilize. Wakati ule mchezaji mzuri alikaa Tanga kwa sababu Tanga ilikua na kazi. Kulikua na mkonge, bandari, reli, kiwanda cha mbolea, kiwanda cha chuma, mtu anacheza mpira jioni na ajira anayo asubuhi, nyumba kapanga Ngamiani, mke kaoa hapahapa. Dar walikua wanawafuata pia, tusidanganyane, lakini kijana alikua na cha kupima mezani. Viwanda vikafa, na kijana nae akabaki na mguu wake tu wa kuuza. Sasa mnamlaumu?

Mimi kinyongo changu ni 2016. Msimu mmoja zimeshuka timu tatu na zote tatu za Tanga, Coastal, African Sports na Mgambo. Mkoa mzima hauna timu ligi kuu. Coastal imekaa huko chini mpaka msimu wa 2018/19. Na msimu ule wa kushuka nimewaona vijana mjini hapa wanapita na pikipiki wanapiga honi, wanashangilia ubingwa wa Yanga. Nilirudi ndani nikafunga mlango.

Mgosi wa Donge:
Shekhe umeongea, hicho ndo nilikua nakitafuta. Na nawapa mfano wa mwisho unaoniuma zaidi ya yote, beki wetu Lameck Lawi. Juni 2024 Simba wanamtangaza, Coastal wanasema hapana, hamkulipa kwa masharti tuliyokubaliana, mchezaji ni wetu, kesi ikafika TFF, na msimu ulipoanza Lawi alikua bado wa Coastal. Safari moja hiyo timu yetu imekaza msuli mbele ya mkubwa, tena tumetoka kumaliza nafasi ya nne, golikipa wetu Matampi ndo golikipa bora wa ligi, tunaenda kombe la shirikisho Afrika. Mlitakiwa mfurahi! Badala yake kijiwe kizima, na baadhi mpo humu, mnasema Coastal inamharibia kijana, Coastal ina roho mbaya, mwacheni aende Simba. Yani Simba ikipoteza mchezaji ni usaliti, Coastal ikigoma kupoteza ni roho mbaya.

Hapo Mnyama wa Mikanjuni hoja yako ya mtani inakufa. Hujamtetea Lawi kwa sababu unampenda Lawi, umemtetea kwa sababu alikua anakuja kwako.

Mnyama wa Mikanjuni:
Mgosi sasa unanifuata mimi binafsi 😂 Nakubali la Lawi nilisema, ila nilisema kwa nia njema, kijana angepata. Halafu Bi Chumbageni kanigusa na la goti. Lakini kumnunia mchezaji sitaacha, hiyo ndo raha ya mpira, ukinitoa kinyongo unanibakizia nini, msimamo wa ligi? Nimemchukia Van Persie toka 2012 alivyotuacha Arsenal akaenda kuchukua ubingwa Man U, na London sijafika, hata Nairobi sijafika.

Bi Chumbageni:
Nuna tu kaka, ila usitukane mama wa mtu. Hapo tutaelewana.

Wakili wa Kijiweni:
Mgosi hoja yako nzuri lakini ina tundu. Unataka watu wachague timu moja, na Tanga watu wana timu mbili toka babu zao, moja ya mji moja ya nchi. Hilo halitobadilika kwa kuwasuta. Mimi ningeanzia kwa viongozi wa Coastal, wanachama wadai kwenye mkutano mkuu wasomewe kila mchezaji aliyeuzwa kauzwa shilingi ngapi na kipengele cha mauzo ya baadae kipo au hakipo. Mwanachama akishajua bei ndo utaona kama haumii.

Mgosi wa Donge:
Hilo nimelichukua, kwenye mkutano ntasimama nilisome. Ila Mnyama hujajibu swali la msingi. Siku Coastal anacheza na Simba pale Mkwakwani, wewe unakaa upande gani?

Mnyama wa Mikanjuni:
Jukwaa kuu. Kuna kivuli.

Kahawa Chungu:
Na jezi umevaa gani hapo kivulini?